Suruali Yenye Lakiri

Kaka yangu ni fundi umeme wa nguzoni. Wenzake kazini wanamwita Transfoma, na jina hilo hawakumpa kwa sababu ya umeme. Ni mtu mpana, anayenguruma kidogo hata akiwa amekaa kimya, na ukimwona anapanda utaihurumia ngazi.

Mwaka huu ofisi yao ilinunua ngazi mpya. Ubavuni mwa kila ngazi kuna kibandiko kinachotaja uzito wa mwisho inaoweza kubeba. Msimamizi alikisoma, akamtazama kaka, akakisoma tena. Halafu akatangaza kwamba mvua zikiisha kila fundi atapanda mizani ya stoo, ile ya kupimia marobota ya nyaya, na atakayeizidi ngazi atahamia stoo kugawa balbu. Alisema "kila fundi", lakini wote waligeuka kumtazama mmoja.

Siku hiyo kaka alirudi nyumbani asile. Hilo peke yake lilitutisha.

"Mimi stoo nitafanya nini?" alituuliza mimi na wifi, mkewe. "Nikiwa juu ya nguzo naliona paa la nyumba hii. Naziona hadi nguo mlizoanika. Stoo haina hata dirisha."

Nilimwonea huruma, na si kawaida yangu kumwonea huruma mtu anayemaliza mkate kabla sijaamka.

Wifi ni fundi cherehani, na mimi namsaidia kutia vifungo na kupinda mikono ya mashati, kwa hiyo haya niliyaona kwa macho yangu mawili. Tulianza vizuri. Wali ulihama nyumbani, ikaingia kabichi, tango, karoti na mchicha. Mkanda kaka alikuwa ameshauacha, maana matundu yalimwishia, na mizani aliiogopa kuliko radi. Kipimo chake kikawa suruali ya kijivu ya kazini. Kila Jumamosi asubuhi anaivaa, anafunga kishikizo, anajaribu kupitisha kiganja kiunoni. Jumamosi ya kwanza hakikupita hata kidole.

Alikaa ukingoni mwa kitanda kama mfiwa. "Basi," alisema. "Kama ni kuhamia stoo, nihamie nimeshiba."

Suruali ile wifi aliishona mwenyewe, na fundi mzuri huacha akiba ya kitambaa ndani ya mshono wa nyuma. Kaka alipotoka, aliufumua mshono akaushona upya pembeni kidogo.

"Ni upana wa kidole tu, wifi," aliniambia. "Nampa moyo."

"Unamvika kilemba cha ukoka."

"Kichwa chake kikubwa, hakitamwenea. Ndiyo maana nakiweka kiunoni."

Jumamosi iliyofuata kiganja kilipita. Kaka alizunguka nyumba nzima mkono ukiwa ndani ya suruali, akituonyesha nafasi, kisha akatoka kwenda kuwaonyesha majirani. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana mtu akifaulu mara moja hugeuka mwalimu. Kibandani kwa muuza mboga alisimama akiwashauri wateja wa watu: majani chukua ya kijani kilichokolea, tango likibonyea liache, bilinganya sikiliza sauti yake. Bilinganya ina sauti gani hakuna aliyemuuliza. Muuza mboga alimwomba kwa adabu akasimame upande wa pili wa barabara.

Kisha akagundua vitafunio vya afya. Mwili uliozoea mboga, alisema, huhitaji kushikizwa kati ya mlo na mlo. Karanga zina afya. Korosho zina afya zaidi. Parachichi ni tunda, na asali ni dawa, na dawa hailiwi kwa kijiko kimoja. Karanga alizila kwa bakuli, akitafuna huku akitueleza hatari za mkate mweupe. Siku moja nilimkuta na sahani ya viazi vya kukaanga, nikamuuliza navyo vimeingiaje.

"Viazi vimeota wapi, angani?" alisema. "Kilichoota ardhini ni mboga."

"Na mafuta je?"

"Ya alizeti. Alizeti ni ua."

Wifi alikuwa amenasa. Akiacha kuipanua suruali, itambana na kaka atakata tamaa. Akiendelea, kaka atazidi kula kwa furaha. Aliendelea. Akiba ya kitambaa ilipoisha, akatia kipande cha pembetatu kwa nyuma, mahali panapofichwa na shati. Nilimwambia njia ya mwongo ni fupi. Aliniambia nitie vifungo ninyamaze.

Siku ya mizani kaka aliondoka akipiga mluzi. Alirudi mchana, akaenda chumbani kubadilisha nguo, akatoka na ile suruali mkononi. Aliitandika juu ya meza ya kukatia, akaigeuza ndani nje.

"Nimeongezeka," alisema. "Kesho naanza stoo." Akapitisha kidole kwenye mshono. "Uzi mweusi. Uzi wa buluu. Uzi wa kahawia. Na hiki kitambaa ni cha pazia letu."

Wifi alianza kulia. "Nilitaka ufurahi tu."

"Nilifurahi. Nilipanda ile mizani nikiwapungia mkono mafundi wote."

Alisema taratibu, bila kunguruma. Ningependelea afoke. Nilijiona mjinga na vifungo vyangu mkononi, maana nilijua yote na nilicheka kuliko nilivyoonya.

Kesho yake alirudi kutoka stoo na lakiri kuukuu, kile kipande cha risasi na waya wanachofungia mita ya umeme ili mtu asiichezee. Alimtaka wifi aurudishe mshono ulivyokuwa siku ya kwanza. Kisha akapitisha waya katikati ya mshono, akaibana ile risasi kwa koleo mpaka ikalia.

"Mita ikifungwa hivi," alisema, "aliyeichezea hujulikana."

Suruali ilikataa kabisa kufungika. Akaitundika sebuleni, tukawa tunakula mbele yake kama mbele ya mkwe. Viazi vilifukuzwa kwenye ukoo wa mboga. Karanga zikawa za ukufi mmoja, asali ikarudi kabatini. Alikwenda stoo kwa miguu, karoti mfukoni, na kwa muuza mboga alinunua akanyamaza. Kilichotuumiza ni kwamba na nyumbani alinyamaza. Alimshukuru wifi kwa chakula kama mtu anavyomshukuru mwenye hoteli, na lile neno "mke wangu" hatukulisikia tena. Wifi alishona akiwa ameinama zaidi kuliko kazi ilivyotaka.

Miezi ikapita. Jumamosi moja kishikizo kilifunga. Nyingine kidole kilipita. Halafu ikaja Jumamosi ambayo kiganja kilizama chote, na kaka badala ya kufurahi akamgeukia mkewe.

Wifi aliinua mikono yote miwili juu. "Sijagusa."

Kaka aliivua chumbani, akaileta dirishani, akaikagua lakiri kwa kurunzi ingawa jua lilikuwa linawaka. Alivuta waya. Aligeuza risasi huku na huku.

"Haijaguswa," alisema.

Jumatatu alipanda mizani bila kumpungia mtu. Msimamizi alisoma, akamtazama, akasoma tena, kisha akamwambia kesho achukue ngazi. Jioni kaka alisimama mlangoni mwa chumba cha kushonea akitupa habari hizo, mkono mmoja ukiwa umeishika suruali isianguke.

"Nguzo haipandwi kwa mkono mmoja," wifi alisema. Hakuinuka kwenye cherehani.

Kaka akatoa koleo mfukoni, akaliweka mbele ya mkewe.

"Ikate lakiri, mke wangu, uipunguze suruali," alisema. "Ila acha akiba."