Kaushio la Dagaa Lapata Tuzo

Nikodemu, mtengeneza filamu, alileta kamera Kibirizi, mwalo wa wavuvi wa ziwani karibu na mji wa Kigoma, wakati wa mbalamwezi, siku ambazo hata mtoto wa pale anajua kwamba dagaa hawafuati taa na mitumbwi imelala. Kaushio la jua lilikuwa tayari, sanduku refu la mbao na nailoni, jipya. Cha kukausha ndicho hakikuwepo.

"Dagaa wakavu wa kwenye gunia lako waloweke," alimwambia Winfrida, mchuuzi wa pale mwaloni. "Kwenye picha wataonekana wabichi."

Winfrida akalikumbatia gunia. Ndilo lililokuwa chakula chake na biashara yake mpaka giza lirudi. "Wakilowa ni basi, bosi. Wataoza."

"Mama, tamasha la filamu za sayansi na teknolojia halingoji mwezi."

Sayansi haikumhusu Winfrida. Alikuwa mkimbizi wa kutoka Burundi aliyetoroka kambini kwa jambo moja tu. Yeye na bintiye Edina walipotezana kule Kagunga, mpakani, siku Warundi waliokimbia kwao wakisukumana kuingia melini. Kambini alimtafuta, hakumpata. Boti za kutoka kaskazini hushusha watu Kibirizi, basi akaja kukaa hapo, akilala kwenye kibanda cha kuwekea nyavu. Majirani walimsalimia na kupita zao. Upweke ulimkaba hasa saa ya kula, akijipakulia peke yake.

"Hiyo filamu, na Burundi itafika?" aliuliza.

"Itafika."

"Na Kongo, ng'ambo?"

"Kote, mama."

"Ego, ndiyo. Basi nipige picha ya uso, vizuri. Mwanangu anione."

Akawamwagia maji dagaa wake kwa mkono wake mwenyewe. Walipoanza kunuka aliwatupa, akashindia mihogo ya kuomba.

Filamu ikatunukiwa kikombe Ulaya. Ilipoonyeshwa mjini Kigoma, Winfrida aliitwa ili apigwe picha na kikombe hicho. Alijiona ukutani, mkubwa ajabu, akiwachekea dagaa wa kulowekwa. Sauti ya Nikodemu ndani ya filamu ikasema kwamba mkimbizi huyu sasa anaishi Kibirizi na shida zake zimekwisha. Ukumbi ukapiga makofi.

Afisa mmoja wa viti vya mbele akamsogelea. "Ndiwe wa kwenye filamu?"

"Shikamoo, mzee. Ndimi."

"Mkimbizi unaishi Kibirizi kwa ruhusa ya nani?"

Winfrida akamtafuta Nikodemu kwa macho. Nikodemu alikuwa akiongea na waandishi, akamwona, akageukia upande wa pili.

"Mzee, namngoja mwanangu. Filamu imeshamwambia niko Kibirizi."

"Panda gari."

Hakuna aliyemuaga. Akarudishwa kambini, na huko kila mgeni aliyeingia kutoka ng'ambo Winfrida alimwendea mbio kumuuliza kama filamu ya kaushio imefika kwao. Zamani aliomba ifike. Sasa aliomba iishie njiani, Edina asije akavuka ziwa kumfuata mtu asiyekuwepo.

"Imefika, mama," alimjibu mwanamke mmoja, huku akitua mzigo. "Tulionyeshwa kanisani. Watoto waliipenda mno."

Winfrida akaketi chini, palepale penye tope.