Mayai katika Friji ya Chanjo

Friji ya chanjo ya kituo cha afya cha parokia, kule juu Kadutu, mjini Bukavu, hutumia jua. Paneli zake ziko kwenye paa, na kipimajoto kilichofungwa mlangoni hakijawahi kupanda juu ya nyuzi nane wala kushuka chini ya mbili. Ndiyo sababu Joviale aliichagua. Friji ya nyumbani kwake ilitegemea umeme wa mji, ambao hauna ratiba. Ile ya maabara ya chuo, alikofundisha biokemia, ilibebwa na waporaji mwezi wa pili pamoja na meza iliyokuwa chini yake.

Kwenye rafu ya chini, ndani ya boksi la plastiki, kulikuwa na karatasi zilizogandwa na mayai ya nondo wa hariri. Yai moja ni dogo kuliko mbegu ya ufuta. Ma sœur Georgette, muuguzi mkuu wa kituo, alikuwa amekubali kuyatunza kwa majuma machache. Sasa ilikuwa Oktoba, mvua zimerudi, na boksi lilikuwa bado pale.

"Joviale, mama," Ma sœur alisema, mkono wake ukiwa juu ya mlango wa friji kama mtu anayezuia mbuzi asitoke, "hii frigo iko ya batoto. Chanjo ya polio inafika jeudi na meli ya Goma. Boksi yako itoke."

"Ni boksi moja tu, Ma sœur."

"Moja yako, moja ya inspecteur, moja ya padiri. Chanjo nitaweka wapi, mu mufuko ya kanzu? Na ile muuguzi mupya juzi aliniuliza: hii ya rangi ya chocolat iko chanjo ya nini? Nikamwambia iko ya bwana ya Joviale. Akaniuliza: bwana yake anagonjwa nini?"

"Ukamujibu nini?"

"Nikamujibu: anagonjwa barabara."

Joviale alicheka. Ma sœur hakucheka.

"Kweli, mama. Unangoja nini na hii mayai?"

"Gracien alisema nisiyatoe mupaka afike."

"Na ikiwa hafike?"

Joviale alijua kwamba swali lilikuwa sahihi. Aliahidi kurudi Alhamisi.

Gracien ni mumewe, mtaalamu wa wadudu. Kwa miaka kadhaa alikuwa akishuka Luberizi, kwenye bonde la Ruzizi, kuwafundisha wakulima wa mpunga kufuga viwavi wa hariri. Miforosadi, ambayo majani yake ndiyo chakula pekee cha viwavi hao, ilipandwa kwenye kingo za mashamba. Kila baada ya majuma mawili alipanda kurudi Bukavu akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Viwavi wenyewe walikuwa wa ukoo ambao yeye na Joviale waliuchagua kizazi baada ya kizazi: waliovumilia joto la bonde, na ambao protini ya uzi wao ilitoka ndefu bila kukatika. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa na ukoo huo.

Mwanzoni mwa mwaka huo, kabla barabara haijafungwa, mambo yaliharibika kwa sababu ya huruma. Nondo wa hariri ana desturi moja ya ajabu. Joto na mwanga ambao yai limepata kabla ya kuanguliwa huhifadhiwa kama kumbukumbu. Yai likiwa kwenye joto na mwanga, likatoa kiwavi jike, jike huyo akiisha kujifunga ndani ya kifuko chake seli za neva zilizo chini ya koo hutoa homoni inayokwenda kwenye ovari, na mayai atakayotaga yatalala. Hayataanguliwa mpaka yapite baridi ya miezi. Yai likiwekwa kwenye ubaridi na giza, homoni hiyo haitoki, na mayai ya jike huyo huanguliwa baada ya siku kumi hivi. Mama huamua usingizi wa watoto wake kwa yale yaliyompata kabla hajazaliwa.

Gracien aliwaambia wakulima wafunike mayai na kuyaweka kwenye shimo lenye ubaridi. Sophie, mwenyekiti wa chama chao, aliona si haki kuviacha viumbe vidogo gizani na panya. Akayapandisha ndani ya nyumba yake ya mabati na kuyawashia taa ya sola usiku kucha. Viwavi walikua vizuri. Nondo walitaga vizuri. Kisha mayai, badala ya kubaki manjano, yakageuka kahawia. Wakulima wakasema yameoza, na sinia moja lilikuwa limekwisha kumwagiwa kuku Gracien alipofika.

Bonde la Ruzizi halina baridi kali ya miezi. Aliyafunga mayai yaliyobaki na kuyatuma Bukavu kwa gari la parokia, kisha akampigia Joviale simu: yaweke kwenye friji, nitakuja kuyachukua mwenyewe. Alibaki Luberizi na gari lao ili amalize juma. Siku mbili baadaye vita vilifunga barabara, na juma lile halijaisha. Kule chini wakulima walikimbia, viwavi waliokuwa kwenye matrei walikufa kwa kukosa majani, na ukoo wote ukabaki ndani ya boksi la Kadutu. Wanawake wenye mizigo hupita kwa shida. Mwanamume akijaribu, anaulizwa maswali na pande zote mbili.

Ndani ya yai linalolala kuna kimeng'enya kinachopima urefu wa baridi. Mwanzoni kimeshikwa na protini ndogo inayokizuia. Baridi huviachanisha polepole, na kimeng'enya kikiwa huru hujikunja upya taratibu, mpaka wakati wake unapotimia na kufanya kazi kwa nguvu, mara moja. Baada ya hapo kiinitete kiko tayari, na kinachokizuia kuanguliwa ni baridi tu. Gracien alikiita zamu, kwa jina ambalo Bukavu huwaitia walinzi wa milangoni. "Zamu yetu iko mwaminifu," alizoea kusema. "Halale, hanywe, haombe mushahara."

Joviale alijua kwamba zamu alimaliza kazi yake katikati ya mwaka. Aliwahi kukata kipande cha karatasi na kukiacha nyumbani, kwenye joto, na karibu mayai yote yakaanguliwa. Tangu hapo baridi haikuwa ikiyasaidia mayai. Ilikuwa ikiyachosha. Kiinitete kilichoamka hutumia akiba yake hata kikizuiwa kukua, na akiba ya yai dogo kuliko ufuta si kubwa.

Jumanne jioni Gracien alipata mtandao. Aliupata mahali pamoja tu, chini ya mnara wa kengele wa kanisa.

"Umekula?" alimwuliza mkewe.

"Nimekula. Samaki ya sambaza."

"Uliniachia?"

"Nilikuachia. Nyau ya jirani imeshakula sehemu yako."

Ilikuwa kweli. Joviale alinunua sambaza za watu wawili kila mara. Hesabu ya watu wa nyumba yake aliijua, na bado mkono wake pale sokoni ulipima kwa hesabu ya zamani.

"Ma sœur anataka frigo yake," alisema.

"Mwambie mwezi moja tena."

"Gracien, nilijaribu mara ingine. Mwezi wa sita, mu mia, zilitoka tisini na tano. Juma iliyopita, hamsini na mbili."

"Hamsini na mbili iko mingi."

"Noeli itakuwa ngapi?"

Gracien aliweza kuuchora mstari ule unaoshuka sawasawa na yeye, pengine vizuri zaidi.

"Batu banasema barabara itafunguliwa."

"Batu gani?"

"Batu tu."

"Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekupa zéro."

Alicheka, kicheko kifupi cha puani ambacho simu hukipunguza mpaka kinabaki kama pumzi. Kisha akasema, "Joviale, miye ndio nilikutuma uyaweke mu baridi. Niachie niyatoe na mukono yangu." Mtandao ukakatika kabla hajamjibu, na hakupiga tena.

Joviale alikaa na simu mkononi. Alitaka kitu kilekile: mkono wa Gracien, wenye kovu la wembe kwenye kidole gumba, ukifungua boksi. Kwa miezi minane, maadamu boksi lilikuwa kwenye friji, kulikuwa na kazi moja duniani ambayo haikuweza kufanywa bila yeye kurudi. Hilo lilimfaa Joviale. Halikuyafaa mayai.

Alhamisi alipanda Kadutu mapema, kabla ya masanduku ya chanjo. Ma sœur alimkabidhi boksi kwa mikono miwili, kama mtoto mchanga, kisha akamwonyesha ua wa kituo. Ulikuwa wa miforosadi. Gracien aliupanda mwaka wa kwanza wa ndoa yao, kwa majaribio.

"Kata majani yote unataka. Lakini fanya mbio, mbuzi ya padiri inapenda ile kuliko misa."

Nyumbani, mtaa wa Muhumba, Joviale alikuwa ametayarisha mahali pawili. Jikoni, karibu na mbabula, jiko lake la makaa, joto lilikaa nyuzi ishirini na tano, na taa ya sola ilikuwa tayari kwenye msumari. Katika chumba cha nyuma, chenye kuta za mawe upande wa ziwa, kulikuwa na vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, na mchanga uliolowa maji kati yao. Chungu cha ndani kilikuwa na nyuzi kumi na tano. Kando yake alikuwa ameweka kitambaa cheusi.

Mahali pote pawili pangeyaamsha mayai. Tofauti ingeonekana katika kizazi kinachofuata. Akiyaweka jikoni, kwenye joto na mwanga, majike wangetaga mayai ya kahawia, yanayolala. Angeyarudisha kwa Ma sœur baada ya polio, naye angekubali kwa kunung'unika, na kungekuwa na mwaka mwingine wa kungoja, uliohifadhiwa vizuri. Gracien angeweza kuutoa kwa mkono wake. Akiyaweka kwenye chungu, mayai yajayo yangekuwa manjano na yangeanguliwa mara moja, na yale ya baada yao vivyo hivyo, maadamu angeyalea gizani. Ukoo ungehitaji majani kila mwezi, na mikono, na wanafunzi wa kufundishwa. Ungekuwa ukoo wa Bukavu.

Alisimama jikoni kwa muda mrefu kiasi kwamba makaa yalifunikwa na majivu. Mara mbili alinyoosha mkono kuelekea msumari wa taa. Kisha akabeba boksi hadi chumba cha nyuma, akapanga karatasi ndani ya chungu, akafunika.

Gracien alipiga Jumapili, baada ya misa. Watu walisikika wakiagana nyuma yake.

"Ulitoa?"

"Nilitoa."

Hakumlaumu. Aliuliza swali ambalo kati ya watu wote aliowajua Joviale, ni yeye tu angeliuliza.

"Uliweka joto ngapi?"

"Quinze."

"Na mwangaza?"

"Hapana. Kitambaa nyeusi."

Watu wale nyuma yake waliendelea kuagana. Mmoja alimwita, naye hakuitika. Gracien alikuwa mtu wa kwanza kumweleza Joviale kuhusu homoni ile, wakiwa bado wanafunzi, kwa kuchora nondo kwenye vumbi la kioo cha gari. Hakuhitaji kuelezwa maana ya kumi na tano.

"Basi hakuna atakayelala," alisema mwishowe.

"Hakuna."

"Huku iko joto ya thelathini na mbili."

"Najua."

Gracien aliposema tena, sauti yake ilikuwa ile ya kazini, ya haraka. "Miti ya Ma sœur haitatosha. Viwavi bakimaliza kuvua ngozi mara ya nne, banakula kama basoda ya jeshi. Kata matawi yenye unene ya kidole, macho tatu kila moja, panda ya kuinama. Panda sasa, mvua ingali."

"Nipande wapi?"

"Pembeni ya lupango yote, kiwanja muzima. Kutoka ku citerne mupaka ku barrière."

"Itatoa majani lini ya kutosha?"

"Mwaka kesho."

Joviale aliandika neno hilo kwenye kipande cha karatasi. Kisha mtandao ukaenda.

Jumamosi iliyofuata Joviale alirudi na mzigo wa matawi kutoka Kadutu, Ma sœur akiwa amemsaidia kuyakata na kumtukana mbuzi. Aliyapanda peke yake, kwa kamba na rula, tawi moja kila nusu mita, kuanzia kwenye tangi la maji. Udongo ulikuwa laini. Alipofika getini aliacha nafasi, akaipima kwa hatua, akaona ni ndogo, akang'oa matawi mawili na kuipanua mpaka ikafikia upana wa gari. Gari la nyumba hiyo lilikuwa moja, nalo lilikuwa Luberizi.