Kiondo Hakirudishwi Kitupu

Mimi sitaki kusifiwa kwa habari hii, na mtu asije akaniambia ati nilikuwa jasiri. Nilikuwa mwongo, tena mwongo wa kanisani, na huyo ndiye mbaya kuliko wote.

Ulikuwa mwaka wa themanini na nne, ile njaa ya mahindi ya manjano. Hapa Kathonzweni mvua ilikuwa imetukataa msimu baada ya msimu. Kila Ijumaa chifu aliwagawia wajane na wazee mahindi ya msaada, yale ya manjano yenye harufu ya gunia, na sisi wengine tulitakiwa kujitafutia. Lakini mimi, Mama Kivuva, kiongozi wa akina mama kanisani, sikuwa na shida. Ndugu yangu Mutiso alikuwa ameniletea magunia mawili ya mahindi meupe kutoka Kilungu, kule milimani ambako mvua haikukatika kabisa. Niliyasukuma chini ya kitanda, nikashusha shuka hadi sakafuni. Wanangu nikawaonya: atakayefungua mdomo atanitambua. Muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, sikutwanga, maana sauti ya kinu hufika kwa jirani kabla ya chakula kuiva. Tulichemsha mahindi mazima na maganda yake, tukala mlango umefungwa.

Ningenyamaza tu, labda dhambi ingekuwa moja. Lakini huu mdomo wangu, wee! Jumatano kwenye maombi ya akina mama, wenzangu walikuwa wakitoa ushuhuda, kila mmoja na shida yake. Nikajiuliza, mimi kiongozi nitaonekanaje nikikaa kimya na mashavu yamejaa hivi? Nikasimama.

"Bwana asifiwe! Ghala langu limefagiliwa, hakuna hata punje. Lakini Mungu si Athumani, ananilisha siku kwa siku!"

Wakapiga makofi. Wengine wakalia. Nami nikalia, na machozi yalikuwa ya kweli, sijui yalitoka wapi.

Kesho yake asubuhi nikasikia hodi. Alikuwa Ndila, mjane anayekaa kule chini karibu na mto uliokauka, mama wa watoto wanne. Alikuwa amebeba kiondo mgongoni, kamba yake ikimbana kipaji cha uso. Ndani mlikuwa na mahindi ya manjano.

"Mama Kivuva, jana sikulala," akasema. "Mungu ameniambia tugawane. Hii ni nusu."

Nilisimama pale mlangoni nimeshiba, ulimi ukitafuta ganda la mahindi katikati ya meno. Ningeweza kusema. Neno moja tu, "ngoja," lingetosha. Nikanyoosha mikono nikapokea, nikamwambia Mungu akubariki.

Sasa, kwetu Ukambani kiondo kilicholeta chakula hakirudishwi kitupu. Unatia kitu cha kuliwa, hata konzi moja ya mbaazi. Kumrudishia mtu kiondo kitupu ni kama kumtakia asipate tena. Na mimi nilikuwa nimetangaza mbele ya Mungu na watu kwamba sina hata punje. Nikitia mahindi meupe, nimejianika. Nikimtilia yale yale yake ya manjano, nimemtukana. Nikirudisha kitupu, nimemlaani mjane. Nikafanya wanavyofanya waoga: sikurudisha. Na Ndila, kwa adabu zake, hakuuliza.

Ijumaa iliyofuata nilimkuta njiani akitoka kwa chifu. Hakuwa na kiondo kingine, kwa hiyo alikuwa amevua kitambaa cha kichwa akafungia mahindi, mwanamke mzima wa kanisa kichwa wazi mbele ya soko lote. Kitambaa kilikuwa kimechanika. Alikuwa amepiga magoti mavumbini akiokota punje mojamoja.

Akaniona, akatabasamu. "Mama Kivuva, bado Bwana anakulisha?"

"Bado," nikajibu, nikapita. Uso umeumbwa na haya, lakini wangu siku hiyo sijui ulikuwa wa nini. Sikuinama hata kumsaidia kuokota.

Chakula cha mchana niliwasukumia watoto. Jumamosi nikafanya vivyo hivyo.

Jumapili nikasimama tena kanisani. Niliposema tu "Bwana asifiwe," wakaanza kupiga makofi.

"Acheni makofi!" nikafoka, maana hata katika kutubu hasira zangu haziniachi. "Nina magunia mawili ya mahindi chini ya kitanda. Yalikuwapo siku ile niliyowaambia sina. Niliwadanganya, nikamdanganya Mungu, nikala chakula cha mjane juu yake."

Bibi mmoja akasema, "Aiyai!" Nilitamani wanitukane. Matusi ningeyaweza.

Ndila akasimama. "Siku ile nilipokuja, ulikuwa umekula?"

"Nilikuwa nimeshiba."

"Na ukapokea."

"Nikapokea."

"Wanangu walilala na uji wa maji matupu," akasema. Akatazama chini. "Na mimi niseme langu. Wewe ndiye hutupangia nani aombe, nani anyamaze. Niliposikia huna kitu, nilifurahi. Nilikuja ili nione mkono wako umekaa chini ya wangu. Mungu hakuwa ameniambia lolote."

Akaketi. Pasta Muthama akasema tu, "Tupige magoti sote," tukapiga.

Mchana huo tulitoa magunia uani tukagawa kwa bakuli. Kiondo cha Ndila nilikijaza kwanza. Akasema asante, lakini hakunitazama. Foleni ilikuwa ndefu, na aibu ilinizuia kujitengea, kwa hiyo magunia yote mawili yakaisha. Uongozi walininyang'anya, na ilikuwa haki.

Jumatatu asubuhi wanangu waliniuliza, "Mama, tutakula nini?" Miaka yote nimewafundisha watu kujibu swali hilo: Mungu atatoa. Nilifungua mdomo nikashindwa kulisema jibu hilo. Nikapiga magoti nao jikoni. Nilikuwa nimeomba riziki maisha yangu yote, na hiyo ndiyo siku ya kwanza niliyoiomba nikiwa sina.