Mkono wa Mama Bweni

Mficha uchi hazai, husema watu. Sindano hakuuficha wake, na bado walimzalisha mtoto ambaye hakumbeba.

Sasa alikuwa amesimama katika ofisi ya mkuu wa shule, na Mama Bweni, matroni, amepiga goti mbele yake akimbandika utepe wa waridi kifuani. Kutoka ukumbini zilisikika sauti za wasichana wakijaribu wimbo wa kukaribisha wageni, na viti vikiburutwa. Mikono ya Mama Bweni ilikuwa minene, yenye harufu ya sabuni ya unga. Aliisukuma pini upande wa kushoto, ikazama mpaka kichwani.

"Nimekuchoma?"

"Hapana," akasema Sindano. "Hapo hakuna mtu."

Mama Bweni akauondoa mkono kama aliyegusa sufuria ya moto.

Upande huo palikaa mfuko wa kitambaa, umeshonwa kwa masalio ya shuka na kushindiliwa pamba. Pamba tupu ilikuwa nyepesi mno. Kila Sindano alipoinua mkono, mfuko ulipanda kuelekea shingoni. Ndipo mama yake akaongeza ulezi kidogo chini, uwe na uzito wa kitu cha kweli. Mama alikuwa fundi cherehani. Jina la Sindano lilitoka hapo, ingawa wenzake walisema limetoka kwenye ulimi.

"Rudia," akasema mkuu wa shule, akirekebisha kilemba chake kwenye kioo.

"Niligundua uvimbe kwa sababu shule yangu ilinifundisha kujichunguza. Walimu wangu wakanishika mkono mapema."

"Hapo unanyamaza kidogo, watu wapige makofi. Kisha?"

"Kisha nashukuru."

"Unamshukuru nani?"

"Mama Bweni."

Mama Bweni akajifanya anatafuta pini sakafuni.

Mapatano yalikuwa mepesi. Mkuu wa shule alikwenda nyumbani kwao mwenyewe, akakaa kwenye benchi la wateja katikati ya vipande vya vitambaa, akaeleza kwamba wafadhili wanataka kujenga maabara na wameomba kumwona msichana aliyepona. Sindano aseme maneno hayo tu, na Jumatatu atarudi darasani, afanye mtihani wa mwisho na wenzake. Hakuna shule nyingine iliyokubali kumpokea msichana aliyefukuzwa kwa mimba, hata mimba isiyokuwepo. Mama alikubali kabla chai haijapoa.

Mwaka uliotangulia walikuja wageni wengine, wakiwa na kifua cha mpira ndani ya begi. Kilipitishwa dawati kwa dawati. Wasichana walicheka mpaka machozi. Mmoja alikiuliza kama kimeolewa. Muuguzi mwenye sauti ya upole aliwaonyesha namna ya kuzungusha vidole. Saratani ya matiti ni nadra kwa umri wenu, aliwaambia, lakini ujueni mwili wenu mapema kwa kuwa mtaishi nao. Na atakayekuta kitu asichokielewa, amwambie mtu mzima anayemwamini.

Sindano alikuta kitu. Kilikuwa kama harage, kigumu, hakiumi.

Mtu mzima wa kumwamini hakuhitaji kumtafuta. Mama Bweni ndiye aliyemkanda kwa maji alipopata homa. Ndiye aliyemfundisha kufua vitambaa vyake vya hedhi na kuvianika juani bila kuona haya. "Kitinda mimba wangu," ndivyo alivyomwita, naye Sindano alipenda kuitwa hivyo, hasa mbele za watu.

Lakini mikono ile ilikuwa na kazi nyingine. Kila muhula ulipofunguliwa, wasichana walipangwa mstari katika chumba cha kufulia, naye Mama Bweni akapita akiwaminya kifua mmoja mmoja, akitafuta maziwa. Wenyewe waliita hilo kukamuliwa. Walitaniana mlangoni: leo chai ya walimu haitakosa maziwa. Waliotoka waliwacheka walioingia, na walioingia walikaza meno. Walimu walisema mkono wa Mama Bweni haujawahi kukosea. Na kweli, mkono uliotumwa kutafuta dhambi tu, ungekosea vipi?

Basi Sindano alipomfuata katika chumba kile kile na kumwonyesha, mkono ulifanya ulichozoea. Uliminya. Kikatoka kitone cha majimaji yenye wekundu.

"Nini hiki?"

"Ndicho nilichokuja kukuuliza, mama."

"Nani kakufanya hivi?"

"Hakuna mtu. Ni uvimbe, kama ule wa kwenye kifua cha mpira."

"Usinifanye mtoto," akasema Mama Bweni, na sauti yake ilikuwa imeshahama. "Dalili za maziwa nazijua kabla hujazaliwa."

Alimshika kiwiko, akampeleka ofisini. Kipimo cha mkojo kikaonyesha kwamba hana mimba. Mkuu wa shule akamtazama Mama Bweni. Mama Bweni akautazama ukuta.

"Basi kashaitoa," akasema.

Hoja ile haikuwa na mlango wa kutokea. Mwenye mimba alikuwa na kosa moja. Asiye nayo akawa na mawili. Sindano alisimamishwa mbele ya shule nzima, sanduku lake miguuni. Aliyelibeba sanduku mpaka getini alikuwa Mama Bweni, na njia nzima hakumwita kitinda mimba wala kwa jina lolote.

Mama yake, ambaye hakuwahi kukosea kipimo cha nguo ya mtu, aliiamini shule. Hakumpiga. Alimsikiliza akilia na kuapa kwamba hakutoa chochote.

"Kama hukuitoa, basi ipo," akasema, akakaa kwenye cherehani, akampanulia magauni mawili kiunoni.

Wakasubiri tumbo. Miezi ikapita, tumbo likabaki bapa kama ubao wa kupigia pasi. Kilichokua kilikuwa juu yake. Kilipofika ukubwa wa limau na ngozi ikaanza kukunjamana, ndipo mama alipofunga kibanda chake na kumpeleka hospitali.

"Kwa umri huu ni nadra," daktari alisema, "lakini nadra si kwamba haipo. Mngemleta kikiwa kama harage, ningekitoa chenyewe na titi lingebaki."

Magauni yale mapana yalifaa baadaye, kuvaliwa juu ya bandeji.

Ukumbi ulijaa. Kila kifua kilikuwa na utepe. Mgeni rasmi, mama wa makamo mwenye miwani, alikaa katikati ya jukwaa, na Mama Bweni aliwekwa ubavuni kwake, amevalishwa kitenge kipya. Sindano alipewa kipaza sauti.

"Niligundua uvimbe," akaanza, "kwa sababu shule yangu ilinifundisha kujichunguza."

Alinyamaza mahali pasipopangwa. Safu ya mbele walikaa wasichana wa kidato cha kwanza, wadogo, soksi zao bado nyeupe. Wawili watatu walikuwa wamekunja mikono juu ya kifua na kuibana, kama watu wenye baridi, ilhali ukumbi ulikuwa unafuka joto. Muhula ulikuwa umefunguliwa wiki hiyo.

"Nyinyi wadogo," akasema. "Mmeshakamuliwa?"

Sauti ndogo ikajibu: "Juzi, dada."

"Alikuwa anatafuta nini?"

"Maziwa," wakajibu wengi pamoja, kama wanaojibu swali la darasani. Mmoja akacheka, akaona yuko peke yake, akaacha.

"Mkono huo ulishika saratani yangu, ukasema ni maziwa. Niliambiwa nimwambie mtu mzima ninayemwamini, nikamwambia yule pale. Nyinyi mkikuta kitu, msimwambie. Nendeni hospitali. Wakiwazuia getini, pigeni kelele."

Kipaza sauti kikazimika. Mgeni rasmi aliinama kumuuliza jirani yake kama hotuba imekwisha, kisha akapiga makofi, na ukumbi ukamfuata. Mpiga picha akamwomba Mama Bweni asogee karibu na msichana.

Ofisini, mama yake Sindano alikuwa ameitwa kutoka ukumbini. Alikaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyekiazima.

"Wageni bado wanakunywa soda," akasema mkuu wa shule kwa utulivu. "Utarudi ukumbini, useme dawa zinakuchanganya. Utamwomba Mama Bweni radhi mbele yao. Jumatatu darasani. La sivyo, mtihani utausikia redioni."

"Mimi nimekulea," akasema Mama Bweni. Alikuwa analia kwelikweli. "Ndivyo nilivyofundishwa kazi. Unataka wanifukuze, kitinda mimba wangu?"

"Tukiona inafaa, tutamtoa yeye," akasema mkuu wa shule, bila kumwangalia. "Tutaleta mwingine."

"Aje kukamua?" Sindano akauliza.

"Aje kukagua. Shule ya wasichana haikai bila ukaguzi."

"Mwanangu," mama akanong'ona, "maneno hayavunji mfupa. Sema tu, yaishe."

Sindano akamtazama mama yake, vidole vyake vilivyotobolewa na miaka ya sindano, vile vile vilivyopanua magauni. Kisha akamgeukia mkuu wa shule, akatikisa kichwa.

"Basi huo utepe si wako," akasema mkuu wa shule. Akaukamata, akauvuta. Pini ilikuwa imeshika mfuko, mshono ukaachia. Ulezi ukaanza kumwagika kutoka chini ya blauzi, taratibu, ukidunda juu ya sakafu iliyopigwa deki asubuhi kwa ajili ya wageni. Upande wa kushoto wa kifua ukanywea, watu wazima watatu wakiangalia.

Mama yake akapiga magoti. Akawa anaukusanya kwa viganja, chini ya meza, katikati ya viatu. "Samahani, mwalimu," alikuwa akisema. "Samahani. Tumewachafulia. Samahani."

Mkuu wa shule akasogeza mguu kumpisha.

"Mama yako amejua kuomba," akasema. "Na wewe?"

"Mimi siombi," akasema Sindano.