Godoro Lenye Nundu

Mambo yaliharibika Jumatatu, tarehe tatu mwezi wa sita, siku msimamizi mpya alipoingia kiwandani na viatu vinavyolia akahamisha ukaguzi wa magodoro kutoka asubuhi hadi baada ya chakula cha mchana. Hakuuliza mtu. Wakubwa hawaulizi, maana wakiuliza watajibiwa.

Mkaguzi wa magodoro ni mimi. Usicheke. Kazi yangu ni kulala. Godoro likishashonwa linaletwa chumba cha mwisho, navua viatu, nalala chali, natulia mpaka mgongo unipe habari. Likiwa na bonde nalisikia kiunoni, likiwa na kilima nalisikia shingoni. Nikisema sawa, linafungwa nailoni. Nikisema bado, linarudi kwa mafundi, na huko natajwa kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Marehemu mke wangu alikuwa akiwatambia majirani kwamba mumewe ndiye mwanamume pekee anayelipwa kwa uvivu wake, wengine wote wanautoa bure.

Tangu aondoke, nyumbani jioni jiko limenuna. Kwa hiyo mchana nilikuwa nakula kwenye kantini ya kiwanda kama mtu anayepakia mzigo wa safari: sahani ya wali na maharage, kisha sahani ya pili ya kuisindikiza ya kwanza. Mpishi ananiita Lori.

Zamani nilikuwa nalala kwanza, nakula baadaye. Msimamizi, ambaye mafundi walimbatiza Kengele, akageuza. Nikawa natoka mezani moja kwa moja hadi kwenye godoro, shibe ikiwa bado inatafuta pa kukaa.

Baada ya miezi michache nikaanza kukohoa. Kikohozi kikavu, cha kukwaruza, kinachonishika nikilala chali tu. Asubuhi sauti yangu ilikuwa kama mlango usiotiwa mafuta. Mwaka ulipogeuka, nikipanda ngazi kifua kinapiga filimbi. Adui nilimjua palepale: vumbi la sponji. Nilimwambia fundi wa cherehani, ninayekaa naye kantini, kwamba wakubwa wanatumaliza polepole. Akasema yeye huamka na vumbi hilo na kulala nalo, na hajawahi kukohoa. Nikamwambia watu kama yeye ndio wanaowafanya wakubwa walale usingizi mnono.

Hapo ndipo nilipoanza kuyakataa magodoro. Kila nililolalia lilinikohoza, nami nikaamini limeinama upande wa kichwa. Hili bado. Na hili bado. Mafundi wakayafungua, wakayapima kwa rula na kamba, wakayakuta yamenyooka kama maji kwenye sinia. Wakaacha kunisalimia.

Kisha likaja moja ambalo fundi wa gundi alikuwa amelibandika sponji mara mbili upande wa kichwa, akili yake ikiwa kwingine. Nundu kama ya ng'ombe dume. Nikalala. Kimya. Kifua kikatulia kama mtoto aliyeshiba, nami nikasinzia kabisa. Nilipoamka nikatangaza mbele ya wote kwamba tangu niajiriwe sijalalia godoro bora kuliko hilo, na nikaligonga muhuri kwa mkono wangu.

Mteja alilirudisha siku ya pili. Alisema usiku kucha anateleza kwenda miguuni, na mkewe ameshamtangulia huko.

Kengele akaniita. "Mzee wangu, umekataa magodoro mazima, ukapitisha lenye nundu. Mgongo umechoka. Tukuhamishie getini."

Getini! Kusimama juani niwafungulie wakubwa magari yao, wao wamefunga vioo. Mimi shule niliiacha mapema. Mgongo huu ndio shahada yangu. Nikamwambia mgongo hauna neno, kifua ndicho walichokiharibu kwa vumbi lao, na daktari atasema. Akakubali haraka mno: daktari akisema vumbi, nabaki na naombwa radhi. Akisema kingine, geti.

Binti yangu akanipeleka kwa daktari wa kifua, mwanamke kijana mwenye subira. Akanisikiliza mgongoni, akaagiza picha, akauliza kama napata kiungulia. Nikasema sina. Akasema si kila mtu anakisikia, wengine hukohoa tu. Basi nikamweleza ubaya wote wa wakubwa tangu mwanzo, na nilipofika kwenye godoro lenye nundu, akaweka kalamu chini.

"Baba, ukimaliza kula unakaa muda gani ndipo ulale?"

"Sikai. Nalipwa nilale."

Binti yangu akageukia dirishani, mabega yanamtikisika.

Daktari akanieleza taratibu. Tumboni mna tindikali ya kusagia chakula, na juu ya tumbo pana kifuniko. Kifuniko kikilegea, ukilala umeshiba, tindikali inapanda hadi kooni, matone yake yanateleza kwenye njia ya hewa na kushuka mapafuni. Hali hiyo ikizoeleka, inaleta kikohozi, filimbi, hata homa ya mapafu, na kwa baadhi ya watu mapafu hufanya makovu yakakakamaa. Yangu yameanza makovu kidogo kule chini. Hakuapa kwamba ni tindikali peke yake, ila ndiyo anayoishuku kuliko vyote. Makovu hayafutiki, kinachowezekana ni kutoyaongeza. Nile kidogo, nikae wima kwa muda wa saa tatu hivi baada ya kula, ninywe dawa, na kitanda kiinuliwe kichwani.

"Lile la nundu," akasema, "kwako ndilo lililokuwa zima."

Nikamuuliza habari za vumbi, kwa matumaini. Akatikisa kichwa, kwenye picha halionekani. Nilijisikia kama mtu aliyemchukia jirani muda wote huo, kumbe mwizi anakaa sebuleni kwake. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Changu kilikuwa kimeingia ndani zaidi ya nguo.

Kengele aliisoma karatasi ya daktari mbele ya mkurugenzi huku anatabasamu. Si vumbi, akasema, ni tumbo lake, basi geti. Lakini njiani nilikuwa nimefikiri.

"Tumbo ni langu, sikatai," nikasema. "Asubuhi nilikuwa nalala na njaa, na nilikuwa mzima. Nani aliyenihamishia usingizi baada ya chakula?"

"Na nani aliyekutuma ule sahani mbili?" akadakia Kengele.

Mkurugenzi akamtazama Kengele, akanitazama mimi, akasema atalifikiria. Wakubwa wakisema hivyo, jua wewe ndiye utakayezeeka kwanza.

Ukaguzi umerudishwa asubuhi; wanadai ni ili gundi ipate usiku mzima wa kukauka. Mimi bado nalala chumba cha mwisho, jina langu likisubiri getini. Lile la nundu hakuna aliyelitaka, kwa hiyo fundi wa cherehani alinisaidia kulibeba hadi nyumbani, na binti yangu akaja kulitandika. Kikohozi kimepungua. Filimbi bado ipo kwenye ngazi. Kila ninapokutana na mkurugenzi kwenye ngazi hizohizo namwamkia, navuta pumzi, naye anaitazama saa yake, nami namuuliza lilelile: sahani zilikuwa zangu, saa ilikuwa yenu, sasa haya makovu ni ya nani?