Udongo wa Gunnvor

Udongo wa shamba la Gunnvor ulikataa kukaa kilimani. Kila siku watu wa Ulfby waliubeba kwa vikapu, wakaumwaga juu, wakaushindilia kwa magogo, na kila siku kengele ya jioni ilipolia, udongo ulishuka ukarudi nyumbani. Ulifuata njia ya kanisani, ukakata kushoto kwenye kisima, ukaingia langoni kwa Gunnvor na kulala palepale ulipochimbwa. Haukuwa na haraka. Wenye ng'ombe waliwasogeza kando ukapita.

Udongo wa mashamba mengine ulikaa, lakini huo ulikuwa mchanga, na mchanga mtupu haubebi mnara. Udongo wa mfinyanzi ulikuwa kwa Gunnvor peke yake.

Bwana Gautier aliweka askari wanne kuuzuia. Ulipita katikati ya miguu yao. Mmoja wao ulimvua kiatu ukaondoka nacho, na asubuhi Gunnvor alikirudisha kikiwa kimefutwa.

Huyu Gautier alikuwa Mnormani. Mfalme mpya alimpa Ulfby mwaka wa nne tangu Wanormani wavuke bahari kuja Uingereza. Majira ya baridi yaliyotangulia wenzake walikuwa wamechoma ghala zote za kaskazini, na mume wa Gunnvor alikufa kwa njaa pamoja na nusu ya kijiji. Waliobaki hawakuwa na nguvu ya kubishana. Gautier alitaka kilima, na juu yake mnara wa mbao, kabla maji hayajaganda. Kila Jumatatu asubuhi alipima kilima kwa mkuki. Kilitakiwa kupanda urefu wa mkuki mmoja kila wiki. Kisipopanda, mbebaji mmoja alikatwa mkono wa kulia. Zamu zilihesabiwa nyumba kwa nyumba, kuanzia kanisani.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Grim, mwendesha mkokoteni. Jumatatu ya kwanza kilima hakikupanda, na Grim alikatwa. Hakuulaumu udongo. Jioni alikaa mlangoni, kigutu kimefungwa kitambaa, akautazama ukipita.

"Naona leo umechelewa," aliuambia. Kisha akamgeukia mkewe. "Kuanzia sasa mgongo wako nitaukuna upande mmoja tu. Ule mwingine utafute mtu."

Mkewe alikuwa analia. "Nyamaza, Grim. Nyamaza tu."

Nyumba ya pili ilikuwa ya Gunnvor. Mbebaji wake alikuwa Toki, mwanawe wa pekee, kijana wa miaka ishirini, ambaye peke yake ndiye aliyebaki nyumbani mwenye nguvu ya kushika plau.

Siku ya Alhamisi Osbern alifika kwa Gunnvor. Osbern alikuwa mkalimani wa Gautier, askari wa miaka arobaini mwenye kovu shavuni. Lugha ya Ulfby aliijua kwa bibi yake, kule Normandi, na aliisema kama mtu anayetafuna mkate mkavu.

"Dada, hodi."

"Ukiwa umekuja na kapu, chimba uende. Ukiwa huna kapu, kaa."

Alikaa. Gunnvor alimpa pombe ya shayiri, nyepesi kama maji ya kuoshea vyombo.

"Unaitwa nani hasa?"

"Osbern."

"Mjomba wangu alikuwa Asbjorn. Naye alikuwa na uso mbaya hivyohivyo."

"Babu wa babu yangu alitoka Denmaki kwa merikebu," Osbern alisema. "Sisi tulishuka mtoni kule, ninyi mkashuka huku. Sasa mimi nakunywa divai na wewe unakunywa hii."

"Basi iache."

Hakuiacha. Aliimaliza, akauliza, "Udongo wako una nini?"

"Hauna kitu. Haujamwagwa pindoni, ndiyo maana."

Osbern alitikisa kichwa taratibu kukubali. Hakuhitaji kuelezwa. Anayetoa ardhi huchota udongo wake kwa mkono na kuumwaga kwenye pindo la joho la anayepokea, mbele ya mashahidi wanne, na tangu hapo udongo hujua ni wa nani. Bibi yake aliwahi kumsimulia.

"Na babu yako alilipataje hili shamba?"

"Alimwagiwa pindoni na Mwingereza aliyekuwa nalo."

"Mwingereza huyo alikuwa na shoka shingoni?"

"Mimi sikuwepo," Gunnvor alisema.

Nje Toki alikuwa ananoa jembe.

"Jumatatu ni zamu yake," Osbern alisema.

"Kuhesabu najua."

"Mmwagie bwana wangu. Jumamosi. Udongo utakaa na kijana atabaki na mkono wake." Aliinuka, akasimama mlangoni. "Ingekuwa mimi ningekuachia nyumba, na bustani ya kabichi. Yeye hatakuachia kitu. Nimemtumikia miaka kumi na minane, sina hata pa kufunga farasi."

Jumamosi mchana watu walikusanyika kwenye uwanja wa baraza, mvua ikinyesha kidogo. Mashahidi walikuwa Grim, kasisi, mfua chuma na Ketil, kaka yake Gunnvor. Gunnvor alikuwa na kapu dogo la udongo wake. Gautier alikuja na farasi na hakushuka. Osbern alimweleza kwa lugha yao. Gautier alicheka, akaonyesha joho lake, fupi la kiunoni kama walivyovaa wenzake wote.

"Anasema yeye si ombaomba wa kutega nguo," Osbern alitafsiri. "Anasema mtu wake atatega kwa niaba yake."

"Mtu wake yupi?" aliuliza Ketil.

"Mimi."

Ketil alimsogelea dada yake. "Gunnvor, pindo ni la nani, ardhi ni ya huyo. Niaba haipo. Mwambie yule mjinga ashuke."

"Nimesikia."

"Basi sema!"

Gunnvor alimtazama Osbern. Osbern alikuwa amevaa joho refu la kizamani, lililofika kwenye vifundo vya miguu. Alikuwa amelipiga brashi. Alilitandaza kwa mikono miwili, akalishika kwa nguvu mpaka vidole vikawa vyeupe, na hakumtazama bwana wake.

Gunnvor alipiga hesabu yake. Hema la Osbern lilikuwa palepale chini ya kilima, hatua thelathini. Udongo ungekuwa wake na ungebaki ngomeni. Kilima kingesimama, Toki angebaki na mkono, yeye na nyumba na kabichi, na mwizi asingepata kitu ila kudhani amepata. Ilionekana hesabu nzuri.

"Dada, nakuomba," alisema Ketil.

"Shika kapu," alisema Gunnvor.

Alichota mara tatu, akamwaga mara tatu. Mashahidi walisema wameona. Gautier aligeuza farasi akaenda kula.

Jioni hiyo kengele ililia na udongo haukupita njia ya kanisani. Grim alikaa mlangoni bure. Jumapili pia haukupita. Toki alikula mara mbili siku hiyo, akaimba.

Jumatatu asubuhi mkuki ulisimamishwa, na kilima kilikuwa kimepungua. Udongo wote wa mfinyanzi ulikuwa umeshuka zile hatua thelathini ukalizunguka hema la Osbern pande zote, kwa utulivu, kama ng'ombe waliofika zizini. Osbern alikuwa ameketi katikati yake, viatu amevua.

Gautier alimaliza kwanza kazi iliyokuwa na zamu. Toki aliweka mkono kwenye gogo mwenyewe. Alisema neno moja tu, "Mama," na Gunnvor alikuwa pale, akamshika bega la kushoto.

Kisha Gautier alimwambia Osbern atembee. Osbern alikwenda mpaka mtoni, na udongo ukamfuata. Aliporudi ukarudi naye. Gautier alitazama akafikiri kwa muda mfupi, wala hakupandisha sauti. Aliamuru shimo lichimbwe katikati ya kilima, kina cha mikuki miwili.

Osbern alielewa kabla ya wachimbaji. Alimwambia Gunnvor, kwa lugha ya bibi yake, "Bustani ile, chukua."

"Haitachukulika," alisema Gunnvor. "Itakufuata."

Walimshusha akiwa hai, amefungwa kwa kamba, kwa sababu Ketil alipoulizwa alisema hajui kama udongo humfuata maiti. Udongo uliingia nyuma yake wenyewe, hakuna aliyehitaji kapu. Bustani ya kabichi ilifika mwisho, jioni, na kabichi zake. Tangu siku hiyo udongo haukutikisika tena. Mnara ulisimama kabla maji hayajaganda, na Gautier aliusifu uimara wa msingi.

Ulfby ililipa shamba moja la ekari tisa, ambalo sasa ni shimo lenye maji na bata wawili. Ililipa mkono wa kulia wa Grim na mkono wa kulia wa Toki, na mtu mmoja aliyekuwa na ardhi kwa siku mbili. Kabichi zilikuwa thelathini na moja.