Viatu Vipya vya Hija

Mbele kidogo ya Isinya, Mama Elsie aliketi kando ya barabara, akatangaza kwamba mguu wake umekataa dini. Mahujaji wenzake walipita wakiimba. Bedan peke yake ndiye aliyesimama, naye alijua kosa kabla hajainama. Kila mwaka watu wa parokia yao ya Kitengela humheshimu Mungu kwa viatu vipya, na kila mwaka huvuna malengelenge.

Bedan alikuwa fundi viatu. Asubuhi alikuwa amejiambia aache kazi nyumbani, lakini mazoea yana tabu: kisu, sindano na uzi vilikuwa mfukoni.

"Wewe nenda, Baba Gathoni," Mama Elsie alimsihi. "Utachelewa, na wewe ndiye uko na shida."

Shida yenyewe ilikuwa bintiye, Gathoni, aliyelazwa hospitali na mimba baada ya nyingine mbili kuharibika. Na desturi ya hija ilikuwa moja: ukifika kilimani, ng'ambo ya mji wa Kajiado, unamtaja mtu wako kwa kinywa chako kabla Padre hajafunga misa. Kutuma mwenzako hakukubaliwi.

Hata hivyo Bedan alikata kisigino cha kile kiatu, akakitandikia kitambaa. Mama Elsie akainuka, akajaribu hatua kadhaa, kisha akashika njia kwa kasi hata fundi wake akabaki nyuma.

Alipoupita mji wa Kajiado, Bedan alimfikia Hilowle, mchuuzi aliyekuwa akirudisha nyumbani mbuzi waliokosa mnunuzi. Alichechemea kwenye changarawe, ndara iliyokatika mkononi, wala hakuomba msaada. Bedan alikitazama kilima, akautazama ule mguu.  Akaketi, akatoa sindano na uzi.

"Fundi, wenzako wamekuacha," Hilowle alisema. "Unaenda kuombea nani?"

"Niko na msichana hospitali. Ako na mimba, na mbili zilishatoka."

"Anaitwa nani?"

"Gathoni."

Hilowle alilirudia jina hilo mpaka likamkaa mdomoni. Uzi ulipokazwa wakaandamana, maana njia ilikuwa moja.

Chini ya kilima walikutana na mahujaji wakiteremka. Misa ilikuwa imekwisha. Mama Elsie alipomwona Bedan alishika kichwa. Bedan naye hakumlaumu mtu, ila alijihisi mtupu, kama aliyebeba mzigo mbali akakuta pa kuutua pamefungwa.

Hilowle alimwomba amshikie mbuzi, saa ya swala imefika. Akatawadha kwa maji ya chupa, akavua ndara, akatandika shuka, akaswali. Alipomaliza aliinua viganja na kuomba kwa sauti ya chini. Bedan hakuelewa neno lolote, mpaka katikati ya maneno yale aliposikia: Gathoni.

Akavua kofia.

Mbuzi mmoja alianza kutafuna pindo la shuka. Bedan akamvuta polepole, asije akaikatiza dua.